Kizingiti Kimehamia Mkononi Mwako

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi, kuhusu kutunza bafu la anayetumia kiti mwendo, kwa ndugu wanaouguza majumbani, huku kwetu Mbagala, Dar es Salaam. Mvua iliwafungia wengi ndani, na waliokosa wameniomba niyaandike yote. Nimeandika kama nilivyosema. Pale nilipokuwa nikionyesha kwa mikono, nimejaribu kueleza.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni.

Kabla ya yote, wenye viti mwendo msogee mbele, na wenye viti vya plastiki wapishe. Asanteni. Mama pale, acha ndoo hiyo hapo hapo mlangoni, tutaihitaji.

Mimi si daktari, wala si fundi. Nimefanya usafi wa hospitali miaka 22. Nimedeki wodi, nimedeki chumba cha kujifungulia, nimedeki mpaka chumba cha maiti. Nimeshika dekio kuliko nilivyoshika mwiko, na watoto wangu wakionja mchuzi wangu wanajua hivyo. Basi mwaka 2016 mume wangu, dereva wa lori, alipata ajali safarini. Uti wa mgongo ukaumia, miguu ikalala. Akarudi nyumbani kwenye kiti mwendo. Katika msiba ule wote nilijifariji kwa jambo moja: kama kuna mtu mtaa huu anayejua kusafisha bafu la mgonjwa, ni mimi.

Ndugu zangu, nilikuwa sijui.

Kusafisha nilikuwa najua. Nilichokuwa sikijui ni bafu lisilo na kizingiti.

Wangapi hapa mmevunja kizingiti cha bafu nyumbani? Nyoosheni mikono. Wawili, watano, wale pale... kumbe tuko wengi. Basi mnaijua hadithi hii, vumilieni niwasimulie wenzenu.

Bafu letu la zamani lilikuwa kama mabafu yote. Kizingiti cha vidole vinne, mlango mwembamba, choo cha kuchuchumaa. Kiti mwendo kikifika pale mlangoni kinagonga, basi. Miezi minne tulikuwa tunambeba, mimi mabegani na kijana wetu miguuni, mtu mzima aliyekuwa akiendesha tela mpaka Tunduma, anabebwa kwenda kuoga kama kichanga. Tukauza kiwanja kidogo cha Mkuranga, tukavunja. Mlango tukaupanua na tukaugeuza ufungukie nje, maana mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, anaufunga kwa mwili wake na nyie mnabaki nje mnapiga kelele. Tukaweka choo cha kukaa, vishikio kila upande, bomba la mvua lenye mpira mrefu, kiti cha kuogea. Na sakafu ikawa moja, kutoka kitandani mpaka ukuta wa mwisho wa bafu, gurudumu halikwami popote.

Siku ya kwanza aliingia peke yake, akarudishia mlango. Akakaa humo saa nzima. Sikumgongea. Nilikuwa nimekaa ukumbini nasikiliza maji.

Alipotoka, maji yakatoka naye. Yakapita mlangoni, yakaingia chumbani, yakafika kwenye godoro la mtoto lililokuwa chini, yakaendelea na safari yake kuelekea ukumbini nilikokaa. Nikaruka!

Hapo ndipo nilipoelewa. Kile kizingiti tulichokivunja kwa nyundo kilikuwa na kazi. Kilikuwa zamu usiku na mchana, hakina mshahara, hakina likizo, na katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kukishukuru. Tukakiondoa. Je, kazi yake ilikwenda wapi? Haikwenda popote. Ilihamia mkononi mwangu. Kizingiti kimehamia mkononi mwako, wewe unayebaki na fagio. Ndilo neno nililowaletea leo, na kama mna haraka ya kuwahi daladala mnaweza kuondoka nalo sasa hivi.

Hamwondoki? Haya.

Tuanze na maji yenyewe. Fundi wetu alikuwa hodari, simsemi vibaya. Vigae vyake vimenyooka kama mistari ya daftari. Lakini chini ya kiti cha kuogea palibaki kidimbwi, kama sahani ya maji. Nikamwita. Akatazama, akasema, "Mama, hayo yatakauka yenyewe."

Yatakauka yenyewe! Hebu niambieni, nani hapa ana bafu Dar es Salaam ambalo maji yamewahi kukauka yenyewe, mwezi wa nne?

Sakafu ya bafu la namna hii inatakiwa ishuke kidogo kuelekea kwenye tundu la maji, kama sentimita 2 kwa kila mita moja. Ikipungua sana, maji yanalala. Ikizidi sana, kiti cha kuogea kinaserereka na aliyekaa juu yake anaserereka nacho. Mnataka kuipima bila fundi? Chukueni golori la watoto. Liweke kila kona, liachie. Likienda kwenye tundu, sawa. Likienda mlangoni, una kesi na fundi. Likikaa tu linakutazama, hapo ndipo koga itakapozaliwa. Kwetu golori lilikaa. Tukavunja vigae 12 na kuipanga upya ile kona, na fedha ikatoka tena mfukoni.

Nimesema koga. Wazee wa pwani mnanielewa. Sisi tunakoga, na bafu nalo linaota koga. Ni ule ukungu mweusi kwenye maungio ya vigae, kwenye silikoni ya pembeni, ile gundi laini ya kuziba mianya, nyuma ya choo. Miaka yangu ya hospitali nilifundishwa kwamba adui ni uchafu, uoshe. Nyumbani nimejifunza kwamba koga haijali umeosha mara ngapi. Inachotaka ni unyevu tu. Unaweza kuosha bafu mara tatu kwa siku, ukaliacha limelowa mara tatu kwa siku, na koga ikakushukuru mara tatu. Nilifanya hivyo mwezi mzima, nasugua, namwaga maji, naondoka zangu. Bafu linameta asubuhi, Ijumaa maungio meusi. Nikadhani nimerogwa.

Basi, kifaa namba moja cha bafu hili ni hiki nilichoshika. Fagio la mpira, la kusukuma maji, wengine mnaliita skwiza. Lenye mpini mrefu. Tena mpira wake uwe mzima, ukikatika katikati unaacha mstari wa maji kila unapopita, ubadilishe. Na namna ya kulitumia ni hii: unaanzia mlangoni, unasukuma kuelekea kwenye tundu. Mlangoni kwenda tundu. Usianze ndani ukaja nje! Nimewaona watu wanayasindikiza maji mpaka chumbani kwa heshima zote, kama mgeni rasmi.

Ukimaliza, kitambaa kikavu kipite kwenye vishikio, kwenye bomba, na chini ya kiti cha kuogea, chini kabisa, pale mtu haoni. Fungua vioo vya luva, uache mlango wazi. Ni dakika tatu, kila baada ya kuoga, si kila Jumamosi.

Na mkeka wa mpira? Ule wenye vikombe vidogo vya kunyonya sakafu? Unasaidia miguu, lakini jiulize lini mara ya mwisho uliugeuza. Ugeuze leo ukifika nyumbani. Usile kwanza. Kila baada ya kuoga mkeka unafunuliwa, unasuuzwa, unaning'inizwa. Usipoweza hilo, heri usiwe nao.

Sasa tundu la maji. Hapa nina aibu yangu ya kuwasimulia.

Tulikwenda Lindi msibani, tukakaa wiki tatu. Tuliporudi, nyumba inanuka kama shimo la maji taka limehamia ukumbini. Mende wanatembea mchana kweupe, wenye nyumba ni wao. Nikasema, shimo limejaa. Nikaita gari la maji taka. Wakafungua mfuniko, wakatazama, yule kijana akanitazama, akatazama tena shimo. Lilikuwa chini ya nusu. Lakini gari limeshakuja, gari linalipwa.

Unajua tatizo lilikuwa nini? Chini ya lile tundu bomba lina mpindo, na kwenye ule mpindo hukaa maji kidogo, kama kina cha sentimita 5 hivi. Yale maji ndiyo mlango unaozuia harufu na mende wasipande. Wiki tatu bafu halikutumika, maji ya kwenye mpindo yakakauka, mlango ukawa wazi. Dawa yake ilikuwa kopo moja la maji. Kopo moja! Na mimi nimelipia gari zima.

Kwa hiyo tunakausha sakafu, lakini mpindo haukaushwi. Mkisafiri, mwambieni jirani apitie kumwaga kopo. Na kila wiki nyanyua kichujio cha juu, toa nywele, toa vipande vya sabuni ya mche, toa zile nyuzi za dodoki. Usizisukume ndani kwa kijiti ukasema zimekwenda. Zimekwenda kukusubiri mbele.

Nije kwenye dawa. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, maana hapa watu wanaumia.

Mtoto wa dada yangu alikuja kunisaidia likizo. Binti mchapakazi, Mungu ambariki. Nimetoka sokoni nikasikia anakohoa bafuni, kikohozi cha kukata. Namtoa nje, macho mekundu, machozi, kifua kinambana. Alikuwa amemwaga jiki chooni, akaona haitoshi, akaongeza dawa ya choo ya tindikali juu yake ili "ing'ae zaidi." Jiki na tindikali vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Gesi hiyo iliwahi kutumika vitani kuua watu, na sisi tunaipika kwenye chumba cha mita mbili kwa mbili, mlango umefungwa. Tulimkalisha nje kwenye hewa, tukafungua madirisha yote, hakuna aliyeingia bafuni mpaka jioni, na kifua tukampeleka kikaangaliwe. Alipona. Lakini nimfikirie mtu ambaye hawezi kutoka mbio. Mume wangu angekuwa ndani, angetokaje?

Usichanganye. Usichanganye jiki na tindikali, usichanganye jiki na siki, usichanganye jiki na ndimu, usichanganye jiki na dawa yoyote usiyoijua. Na hili wengi hawalijui: usimwage jiki moja kwa moja juu ya mkojo. Sisi wenye wagonjwa wa mpira wa mkojo, mfuko ukimwagwa matone hudondoka sakafuni. Mkojo una amonia, ikikutana na jiki inatoa mvuke unaochoma pua. Kwanza maji na sabuni, sugua, suuza. Halafu ndiyo jiki.

Kwani jiki haioshi, jamani. Jiki inaua vijidudu. Ukiimwaga juu ya uchafu, nguvu yake yote inaishia kwenye uchafu. Hospitali kipimo chetu kilikuwa hiki, na nyumbani kinafaa, mradi chupa yako imeandikwa asilimia 3.5: pamemwagika damu au kinyesi, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo sita vya maji. Sakafu ya kawaida iliyokwisha kuoshwa kwa sabuni, chupa moja ya soda ya mililita 300 kwenye ndoo ya lita 10. Maji ya baridi, si ya moto. Iache ikae dakika 10, kisha suuza. Na changanya ya leo kwa leo, ya jana imeshapungua nguvu.

Na mpangilio: anza juu shuka chini, anza pasafi malizia pachafu. Vishikio na kiti kwanza, choo mwisho kabisa. Kitambaa cha choo kisiguse kiti cha kuogea hata kwa bahati mbaya. Mimi cha choo nimekifunga uzi mwekundu, mjukuu wangu wa miaka sita anajua.

Huku kwetu tuna mtihani mwingine, maji ya kisima. Nani haujui ukoko mweupe wa maji ya chumvi? Bomba la mvua lenye matundu arobaini linabaki na matundu tisa, na hayo tisa kila moja linarusha upande wake. Watu wakiuona ule ukoko wanakimbilia tindikali. Tindikali inaula ukoko kweli, na ikimaliza inakula saruji nyeupe ya kwenye maungio ya vigae. Maungio yanachimbika, maji yanaingia chini, kigae kinaanza kulia kama ngoma ukikikanyaga. Gonga vigae vyako kwa kidole. Kinachotoa sauti ya utupu, kimeshaachia.

Kwa bomba la mvua chukua mfuko wa nailoni, tia siki, ufunge kwa raba uzamishe kichwa cha bomba usiku mmoja. Asubuhi sugua kwa mswaki wa zamani, suuza vizuri sana, na siku hiyo jiki isiingie. Kwenye vigae, ndimu au siki iliyozimuliwa, dakika chache, suuza. Lakini aliyepangusa jana hana ukoko wa kusugua leo, maana ukoko ni maji yaliyoachwa yakaukie hapo na kuacha chumvi yake. Mnaona tunavyorudi pale pale?

Sasa niwaambie kuhusu mama mkwe wangu, na yeye mwenyewe ameniruhusu.

Alipata kiharusi, upande wa kulia ukawa mzito. Tukamleta kwetu kutoka Kilwa kwa sababu bafu tunalo. Kila jioni anakandwa kwa mafuta ya nazi, mafuta ya kukamua nyumbani, yananukia nyumba nzima. Akikandwa anakwenda kuoga. Mimi baada ya hapo nakausha, fagio langu, kitambaa changu, kila kitu. Asubuhi moja anaingia bafuni, sakafu imekauka kauu, hata tone hakuna. Akapiga hatua ya pili, mguu ukaondoka.

Hapa nilichanganyikiwa. Si nimekausha? Nikapiga goti, nikapitisha kidole kwenye kigae, kidole kikateleza kama kwenye kikaango. Mafuta. Mafuta ya nazi yakichanganyika na sabuni yanaacha utando mwembamba usioonekana, na fagio la mpira linautandaza vizuri zaidi. Nilikuwa napaka sakafu mafuta kila jioni kwa bidii zote. Tangu siku hiyo, siku ya kukandwa sakafu inasuguliwa kwa sabuni ya maji na brashi, inasuuzwa, ndipo inakaushwa. Na kipimo ni kidole. Macho hayatoshi. Wale mnaopaka nta au polishi ya kung'arisha vigae vya bafu, sitasema kitu, nitawatazama tu.

Lakini hadithi haijaisha. Mguu ulipoondoka, mama alifanya kile alichofundishwa: alishika kishikio. Na kishikio kikageuka mkononi mwake kama mpini wa jembe bovu. Kikatoka na skrubu zake, na unga wa saruji ukamwagika. Akakaa chini taratibu, namshukuru Mungu, hakuvunjika kitu. Akanitazama kutoka pale chini akasema, "Mwanangu, chuma chako kimenikana."

Nilikiona kile chuma kila siku. Nilikipangusa kila siku! Kinang'aa, unajiona uso. Lakini kilikuwa na kile kisahani cha mviringo kinachofunika skrubu, na nyuma ya kisahani maji yalikuwa yakiingia kidogo kidogo. Skrubu zimekuwa kutu tupu. Na ukuta wenyewe ni tofali la bloku lenye matundu, kile kiplastiki kinachoshika skrubu kilikuwa kimeshika hewa. Na hata hicho kinachoitwa chuma kisichoshika kutu, maji ya chumvi na jiki vikikikalia kila siku, kinatoboka vidonda vidogo vidogo. Ukitumia jiki karibu yake, suuza na ukaushe.

Kwa hiyo sasa, kila mwanzo wa mwezi, nafungua kisahani, natazama skrubu, natazama silikoni imeachia wapi. Kisha nakishika kishikio kwa mikono miwili na kukining'inia kwa uzito wangu wote. Mimi nina kilo 84, mnaniona, sina la kuficha. Kikinibeba mimi bila kulia, kinambeba mama. Kikicheza hata kama unywele, kinafungwa kitambaa chekundu, hakishikwi mpaka fundi aje, na fundi akija namwambia atafute penye zege au apitishe boliti upande wa pili wa ukuta. Na msishike mahali pa kutundikia taulo mkasema ni kishikio! Pale taulo tu.

Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inazungumzia majengo ya umma yafikike, nzuri sana. Lakini bafuni kwako hakuna mkaguzi atakayekuja. Mkaguzi ni huyu mwenye kilo 84.

Kiti cha kuogea nacho kigeuze. Angalia raba za miguuni, zikiisha upande mmoja kiti kinayumba. Pitisha kiganja kwenye ukalio. Plastiki ya kuogea huanza ufa mwembamba kama uzi, hasa kwenye ukingo wa lile tundu la katikati. Aliyekaa akijisogeza, ufa unafunguka na kufunga, unabana ngozi. Wewe na mimi tutasema "ai!" na kunyanyuka. Mume wangu hasikii kitu kuanzia kiunoni kushuka chini. Tuliuona ufa baada ya kuona kidonda, na kidonda kile kilichukua miezi mitano kufunga. Ufa ulikuwa mrefu kama kucha yangu hii.

Ndoo za maji niziseme upesi. Tunaoweka akiba bafuni kwa ajili ya mgao, tufunike. Mbu wa dengue anataga kwenye maji masafi yaliyotulia, na Dar es Salaam tulimjua mwaka 2014 na tena 2019. Kumwaga maji hakutoshi, mayai yanang'ang'ania ukutani mwa ndoo. Sugua ndani kila wiki.

La mwisho, na hili linawahusu zaidi wenye viti kuliko wenye mafagio.

Mume wangu ni mtu wa swala tano. Tulipomaliza bafu, alisumbuka jambo ambalo mimi sikuwa nimeliwaza. Magurudumu. Kiti kinaingia chooni, kinapita penye majimaji, kinatoka, kinakanyaga chumba chote mpaka kwenye mswala. Twahara iko wapi hapo? Akawa anaswali kitandani, roho haitulii. Tulimuuliza sheikh wetu wa mtaani, akatufundisha kwa upole, na mwisho tukaweka kituo pale mlangoni: beseni dogo, kitambaa safi, kopo lenye maji. Kiti kikitoka, magurudumu yanasuuzwa na kufutwa, yote manne, na yale madogo ya mbele yanatolewa nywele zilizojizungusha. Hata asiyeswali afanye hivyo, maana sakafu ya ukumbini ndiyo mtoto anayotambaa.

Mwanzoni nilikuwa namfutia mimi. Siku moja akanishika mkono. Akasema, "Mama watoto, umenirudishia bafu, halafu unanisimamia mlangoni kama askari wa zamu." Nikanyamaza. Kweli nilikuwa nimefanya hivyo. Kila alipooga, mimi niko nje na fagio, nasubiri atoke niingie. Anajua nasubiri. Basi anaoga haraka haraka, yule aliyekaa saa nzima siku ya kwanza.

Nikamtafutia fagio la mpira la kwake. Mpini tukaukata ukawa kama urefu wa mkono na nusu, ili akiwa kwenye kiti asigonge ukuta wa nyuma. Kitambaa tukakitundika usawa wa bega lake, si la kwangu. Sabuni na jiki vikashuka kutoka rafu ya juu, vikawekwa kwenye kisanduku chenye kufuli, ufunguo anao yeye, kwa ajili ya mjukuu. Anaanzia mlangoni, anarudi nyuma na kiti huku akivuta maji kuelekea kwenye tundu, kona ile iliyotusumbua anaipitia mara mbili. Inamchukua dakika tisa, mimi ninatumia tatu. Anafungulia redio, taarifa ya habari ya saa mbili usiku inaanza na kwisha, bado yumo.

Sasa nimeleta mafagio matatu na ile ndoo ya pale mlangoni. Mnaona maji ya mvua yameingia ukumbini kutoka kibarazani. Wenye viti mwendo watatu waje mbele, tuone nani anayarudisha nje kabla hayajafika kwenye zulia la mwenyekiti. Na maswali tunaendelea nayo huku wakisukuma. Wewe dada wa nyuma mwenye mtoto mgongoni, umenyoosha mkono tangu kwenye jiki, anza wewe.